Mkono wa Mwalimu Rahabu

"Samahani, Mwalimu Yunis," Sharifu alisema, mkono ukiwa bado hewani kama mwanafunzi. "Katika hiyo ngoma yako, kila mtu anamshika mkono kila mtu?"

"Kila mtu," nikajibu kwa furaha. "Ndiyo raha yake."

"Hata Bi Mwajuma?"

Kikao kizima cha kamati kikaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Bi Mwajuma ndiye mpishi mkuu wa shule yetu hapa Lushoto, na binti yake ndiye mke wa Sharifu, mwalimu mwenzangu. Miaka kumi na moja wanafanya kazi kwenye uwanja mmoja, na Sharifu hajawahi kupokea sahani kutoka mkononi mwa mama yule. Bi Mwajuma huiweka dirishani, anasogea, ndipo Sharifu anaichukua. Huku kwetu milimani mama mkwe hashikwi mkono. Unamwamkia kwa mbali, unainamisha macho, unampisha njia, naye anakupisha. Mwanamume akimshika mama mkwe wake mkono mbele za watu, wataulizana kama kwao hakuna wazee.

Na mimi, mtoto wa Mlalo, nilikuwa nimelisahau hilo! Mwaka mmoja tu nilikaa Marekani kwa mpango wa kubadilishana vijana wa kanisa, kwenye kimji chenye baridi ya kutoboa mifupa, nikarudi na ngoma kichwani na adabu nikaiacha kwenye ndege.

Ngoma yenyewe inaitwa kontra. Wanaume wanasimama upande mmoja, wanawake upande wa pili, kila mtu anatazamana na mwenzake. Kuna mtu mmoja mbele, mwitaji, anayeita hatua kabla muziki haujazifikia: mbele, rudi, mkono wa kulia, mzungushe. Mapigo sitini na manne yakiisha, kila jozi imesogea nafasi moja na imekutana na jozi nyingine. Hakuna kukumbatiana kwenye kona. Ngoma ikiisha, umeshacheza na ukumbi mzima.

Ndiyo maana niliichagua. Mama yangu, Mwalimu Rahabu, alikuwa anastaafu baada ya miaka kumi na sita ya kuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile ninayofundisha mimi, na alishatoa amri mapema. "Hafla nitakuja," aliiambia kamati, "lakini ule muziki wa watu kubanana kama kuni, usipigwe nikiwepo. Nimestaafu kazi, sijastaafu akili."

Kwa hiyo kamati ikanikabidhi mimi. Nilipanga ngoma nne, nikaziandika kwenye kadi, kadi moja kwa kila ngoma. Na baada ya swali la Sharifu nikaongeza karatasi ya tano, karatasi ya wakwe. Tulikubaliana hivi: mstari wa kwanza utakuwa wa wake kwa waume, na mstari wa pili utakuwa wa wanawake watupu, kiongozi wake Bi Mwajuma. Mama yeyote mwenye mkwe ukumbini ataingia mstari wa pili, na hapo hakuna mtu atakayeaibika.

Wiki nzima watu walikuwa wananivuta pembeni kuninong'oneza nani ni mkwe wa nani. Matroni wa bweni akaniandikisha jina la mwalimu wa Hisabati.

"Lakini huyu si mkwe wako," nikamwambia.

"Najua. Lakini simtaki karibu."

Nilipomfikia mama, alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto, kazi ambayo hakutakiwa kuifanya tena.

"Mimi sina mkwe," alisema bila kuinua macho. "Ningekuwa naye kama binti yangu wa pekee angeacha kuringa. Niweke mstari wa kwanza, juu kabisa, na mwenzangu awe Alen."

Alen ni mtoto wa rafiki yake mama wa tangu chuo cha ualimu, afisa huko Tanga, mpole, nadhifu, msikilizaji. Hana kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi, maana angekuwa nalo ningepata pa kumshika. Wazee wake walishatuma mshenga. Jibu walikuwa wanalifuata Jumapili, siku moja baada ya hafla.

"Mama, Jumapili ni karibu sana."

"Miaka ishirini na tisa ndiyo karibu?" Hapo akaweka kalamu chini na kunitazama. Mama akikutazama, hata ukiwa hujafanya kosa unaanza kulitafuta. "Yunis, sikulazimishi. Sijawahi. Kama una mtu, mlete aseme. Kama huna, sioni kwa nini tumzungushe kijana wa watu. Una mtu?"

Mtu nilikuwa naye. Ila mtu huyo alikuwa anamwogopa mama yangu kuliko radi.

* * *

Nathanieli ana karakana ya useremala chini ya soko. Ijumaa mchana nilimkuta anapiga randa ubao wa mlango, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope. Aliponiona alitabasamu, nami nikaona hasira zangu zinaanza kuyeyuka, nikazishikilia kwa nguvu. Sikuja kutabasamiwa.

"Jumapili saa nane," nikasema, "washenga wa kina Alen wanapewa jibu."

Akaacha randa. "Utawaambia nini?"

"Wewe ndiye uniambie. Mama kaniuliza kama nina mtu. Nimwonyeshe nini, Nathanieli? Kabati?"

"Yunis..."

"Miaka mitatu! Mitatu nakula chipsi na wewe kwenye kona, nikisikia mtu anakohoa naruka kama panya. Mshenga mmoja tu. Mjomba wako yupo, mzee wa kanisa yupo. Shida iko wapi?"

Akakaa juu ya gogo, akajifuta uso kwa kiwiko. "Shida unaijua. Mama yako akinitazama, mimi narudi kidato cha pili."

Niliijua hadithi hiyo, Mlalo nzima inaijua. Nathanieli alitoroka shule siku tatu kwenda kupiga tarumbeta msibani Vuga, na Mwalimu Rahabu akamsimamisha wiki mbili. Aliporudi, akamwambia mbele ya gwaride, "Wewe utapuliza bati maisha yako yote." Yeye akamaliza kidato cha nne kwa shida, akashika randa. Na bati akaendelea kulipuliza, katika bendi ya matarumbeta ya kwetu Mlalo, na ndiyo bendi niliyoialika kwenye hafla.

"Alisema vile kwa hasira," nikamwambia. "Miaka kumi na minne imepita. Ameshasahau."

"Mimi sijasahau. Nikimtuma mjomba, mama yako atamuuliza kitu kimoja tu: huyo kijana wako ni nani? Na mjomba ataanza kubabaika. Nipe muda kidogo nimalize nyumba. Nikiwa na nyumba nitakuwa na la kusema."

"Muda wangu unaisha Jumapili. Mimi sitaki nyumba, nataka useme. Useme hata ukiwa umejaa maranda kichwani!"

Aliuangalia ule ubao kama vile jibu lilikuwa limeandikwa humo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona haya.

"Basi sawa. Kesho njoo upige, upige vizuri, na ukae huko huko kwenye bendi. Jumapili nitawaambia sina mtu. Na nitakuwa sijasema uongo."

Nikaondoka. Nilipanda kile kilima nikiwa nalia wazi wazi, mama mmoja mwenye tenga la karoti akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

* * *

Jumamosi saa kumi alasiri ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Ukungu ulishashuka hadi madirishani, lakini ndani watu walishavua masweta. Kulikuwa na chai ya tangawizi kwenye masufuria makubwa, pilau la Bi Mwajuma, na mama yangu mbele, kavaa gauni la kitenge cha bluu na mtandio mweupe mabegani, na viatu vyekundu alivyovinunua makusudi kwa siku hiyo. Alen alikuwa na suti. Nathanieli alikuwa jukwaani, nyuma kabisa, na tromboni yake, lile tarumbeta refu la kuvuta, na hakunitazama. Nami sikumtazama. Lakini kila alipokohoa nilijua.

Ngoma ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. "Mistari, mbele!" nikaita, nusu wakaenda nyuma. "Zungukaneni mgongo kwa mgongo!" Mwalimu wa Hisabati akagongana na mlango. Lakini Mzee Silvano, kiongozi wa bendi, ana subira ya ajabu. Alipiga wimbo polepole hadi miguu ya watu ikauelewa, kisha akakaza mwendo. Ngoma ya pili ikakaa. Nikaona walimu wa miaka hamsini wanacheka kama watoto wa chekechea. Na mama! Tangu baba afariki sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, na jioni ile alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Kwa muda kidogo nikasahau majonzi yangu.

Ngoma ya tatu ndiyo iliyoharibika, au tuseme ndiyo iliyotengenea.

Jozi sita kwenye mstari wa kwanza. Mama na Alen juu kabisa, kama alivyotaka. Yeye mwenyewe alimvuta Alen kwa mkono, "Njoo baba, tuwaonyeshe." Chini kabisa alikuwepo shangazi yangu Evodia, dada wa marehemu baba, na mwenzake alikuwa mwenyekiti wa kamati. Bendi ilikuwa inavuta pumzi tayari kuanza, simu ya mwenyekiti ikalia. Akaisikiliza, akapunga mkono kuomba radhi, akatoka mbio.

"Yunis!" shangazi akapaza sauti. "Mimi nicheze na ukuta?"

Mwitaji akiwa na kipaza sauti mkononi na watu sitini wanamngoja, hafikirii mara mbili. "Bendi," nikasema, "nipeni mtu mmoja."

Mzee Silvano akaangalia nyuma yake. Tromboni zilikuwa tatu. Akamgusa yule wa mwisho begani, na wa mwisho alikuwa Nathanieli.

Nikamwona anaweka tromboni kitini, anashuka jukwaani, anasimama mbele ya shangazi. Bado sikushtuka, maana yeye alikuwa chini kabisa na mama alikuwa juu kabisa. Muziki ukaanza, nikaita. Raundi ya kwanza ikaisha, jozi zikasogea. Mama akashuka nafasi moja, Nathanieli akapanda. Raundi ya pili. Hapo ndipo nikahesabu. Raundi ya tatu wangekutana.

Karatasi yangu ya wakwe ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeandika wakwe wa watu wote isipokuwa wa kwangu.

Na hatua ya kwanza ya raundi ni ipi? Mkono wa kulia kwa jirani, yule wa jozi uliyokutana nayo, mzunguke naye. Jirani wa mama angekuwa Nathanieli. Akiupokea mkono ule, basi. Ukumbi mzima wa watu wa milimani utakuwa shahidi kwamba mwanamume huyu hamwoni mama yangu kama mkwe, leo wala kesho. Hata kama angepata ujasiri mwaka ujao, nani angemwelewa? "Si ulimzungusha Mwalimu Rahabu ukumbini?" Na asipoupokea, atakuwa amemdhalilisha mwalimu mkuu siku ya kuagwa kwake.

Ningeweza kubadilisha. Mwitaji ndiye mwenye ngoma. Ningeita "mistari mbele" badala ya "mkono wa kulia", na hakuna mtu angejua. Nilikuwa na mapigo manane tu ya kuamua. Nikamtazama Nathanieli, naye, kwa mara ya kwanza jioni ile, akanitazama. Alikuwa amejua. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Nami moyo ukaniambia, Yunis, unataka kujua au hutaki?

Nilitaka kujua.

"Jirani," nikaita, "mkono wa kulia!"

Mikono ikanyooka mstari mzima. Mama akanyoosha wa kwake, anacheka, kichwa juu. Na Nathanieli akarudi nyuma hatua mbili. Akaweka mikono yake yote miwili mgongoni, akainamisha macho sakafuni, akasimama hapo.

Bendi ikakatika, chombo kimoja baada ya kingine. Mtu akasema "Lo!" Mkono wa mama ulikuwa bado hewani, mtupu.

"Nathanieli Shechambo," mama akasema. Ilikuwa ile sauti ya gwaride.

"Naam, Mwalimu."

"Mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, Mwalimu."

"Nilikusimamisha wiki mbili, kidato cha pili. Nakumbuka. Miaka yote hii ulikuwa unangoja siku yangu ya kuagwa, unikatae mbele ya wanafunzi wangu?"

Kumbe alikuwa anakumbuka! Nikafumba macho. Nilijua Nathanieli atakimbia. Mlango ulikuwa wazi, na mimi ningekuwa wa kwanza kumsamehe.

"Hapana," nikasikia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Sina hasira na wewe. Shikamoo, mama."

Maisha yake yote alikuwa anamwita Mwalimu. Nikafumbua macho.

"Marahaba," mama akajibu, maana salamu haikataliwi hata na aliyekasirika. "Sasa?"

"Siwezi kukushika mkono, mama. Sijakukataa. Nakuheshimu."

Nikasikia sufuria la chai likichemka kule jikoni. Kisha kutoka kwenye mstari wetu wa kwanza Mwalimu Sharifu akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayetoa ushahidi:

"Jamani, hatua hiyo mimi naijua. Nimeicheza miaka kumi na moja."

Bi Mwajuma ndiye aliyeanza, huko mstari wa pili. Kigelegele chake kilipanda hadi kwenye mabati, na wanawake wote wakakidaka. Watoto wa kidato cha tatu waliokuwa wanagawa chai wakaanza kupiga kelele bila kujua wanashangilia nini. Mama akageuza kichwa, akanitafuta jukwaani.

"Yunis!"

"Abee, mama." Kipaza sauti kilikuwa wazi, na abee yangu ikazunguka ukumbi mzima. Watu wakacheka.

"Huyu kijana anasema nini?"

"Anasema kweli, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Mitatu!" shangazi Evodia akashika kichwa. "Watoto hawa! Na mimi nimemshika mkono tangu ngoma ianze, sijui kitu!"

"Miaka mitatu anangoja nini?" mama akauliza. Sasa alikuwa anamuuliza Nathanieli, lakini kwa mbali, na ile sauti ya gwaride ilikuwa imepungua.

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Ukumbi ukalipuka. Hata Mzee Silvano alikuwa anafuta machozi kwa leso. Mama alibana midomo, akajitahidi, akageuka pembeni, nikaona mabega yake yanacheza. Kisha akajinyoosha, kicheko cha watu kikafifia, na mimi hofu ikanirudia upya. Mama anaweza kucheka na bado akakataa. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi.

Shangazi Evodia akamsogelea wifi yake, akamwambia kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Rahabu. Alen ulimvuta mkono wewe mwenyewe. Kama moyo wako ulishamwita mkwe, ungemshika?"

Mama akautazama mkono wake. Akamtazama Alen, aliyekuwa amesimama kando na suti yake, hajui pa kuweka miguu. "Baba, nisamehe," akamwambia. "Nimekukosea, wala sikukusudia."

"Hakuna neno, Mwalimu," Alen akasema, na sauti yake ilikuwa na simanzi kidogo, nikamhurumia kweli. "Ila ningejua mapema, hii tai nisingeifunga. Inabana."

Kisha mama akafanya kitu. Akachukua ule mtandio mweupe mabegani, akaupandisha kichwani hadi kwenye paji la uso. Akarudi nyuma hatua mbili, kama alivyorudi Nathanieli, akamgeuzia upande. Mbele ya ukumbi mzima.

Nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa na kipaza sauti mkononi.

"Yunis," mama akasema, akiutazama ukuta. "Kesho saa nane nilikuwa na wageni. Nitawapigia mwenyewe kuwaomba radhi. Mwambie huyo mtu, wa kwake waje muda huo huo, na wasichelewe."

Nathanieli alikuwa hatua nne kutoka kwake. "Nathanieli," nikasema kwenye kipaza sauti, huku machozi yananishuka, "mama anasema wazee wako waje kesho saa nane."

"Mwambie watakuja," akasema, bado macho sakafuni.

"Mama, anasema watakuja."

"Nimesikia. Sasa endelezeni ngoma yenu, pilau linapoa." Akaanza kutembea. "Mimi nakwenda mstari wa pili. Mstari huu una mkwe wangu."

* * *

Tulimaliza ngoma zote nne. Sijui niliziitaje. Nathanieli alirudi kwenye tromboni akawa anakosea noti hadi Mzee Silvano akamtishia kwa macho, na shangazi akamchukua Alen akamchezesha hadi tai ikatoka. Saa moja kasorobo watu walikuwa wameshaanza kuaga, mwanga ukiwa bado haujaisha nje, na ukungu umetanda uwanjani. Nilimkuta Nathanieli kwenye ngazi za mbele, tromboni mapajani.

Nikakaa kando yake. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kukaa kando kando mahali pa wazi. Nilijikuta nageuka kuangalia nani anakuja, kisha nikakumbuka kwamba si lazima.

"Jana niliongea vibaya," nikasema.

"Jana uliongea kweli."

"Ulipanga kufanya vile?"

"Nipange nini? Mimi niliombwa nikacheze na shangazi yako." Akacheka, kisha akaacha. "Raundi ya pili nikamwona mama yako anashuka. Nikajiambia, utashika tu, ni ngoma, nani atakumbuka. Halafu akanyoosha mkono, Yunis, na mkono wangu ukakataa. Nikasema basi, nitafukuzwa tena."

"Ningeweza kubadilisha hatua."

"Najua. Nilikuona unataka. Mbona hukubadilisha?"

"Nilichoka kutojua."

Akachukua mkono wangu, akaushika hapo hapo kwenye ngazi, watu wanapita na masufuria. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu. Mimi nilikuwa nimejaa raha. Sikuwa na la kuficha kwa mtu yeyote.

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu. Tukageuka wote wawili, na hapo kizingitini alikuwepo mama, mfuko wa zawadi begani, anaelekea kwenye gari lililokuwa linamngoja uwanjani. Njia ilikuwa moja tu, zile ngazi, na katikati ya ngazi alikuwa amekaa Nathanieli. Akaruka kusimama, tromboni ikagonga sakafu, akaanza kuhangaika huku na huku kutafuta pa kumpisha.

Mama alikuwa mwepesi zaidi. Alishusha mtandio usoni, akageuka, akarudi ndani.

"Evodia!" tukasikia sauti yake. "Nifungulieni mlango wa jikoni!"

"Mlango wa jikoni kuna matope, Rahabu! Na viatu hivyo?"

"Nifungulieni. Huku mbele yupo mkwe wangu."

Tukamwona anatokea kwenye kona ya jengo, nyuma ya matangi ya maji, gauni limeshikwa kwa mkono mmoja, viatu vyekundu vinazama na kutoka. Alizunguka ukumbi mzima. Hakututazama hata mara moja. Alifika kwenye gari, akakung'uta miguu, akapanda, akafunga mlango.

Nathanieli aliketi tena kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Nilidhani anacheka, nikamgusa bega, kumbe analia. Nikamwacha alie.